Geko Chui Aliyekonda: Anza na Joto, Chakula Kitafuata

Hali ya geko chui husomwa mkiani. Mjusi huyu, ambaye asili yake ni Afghanistan, Pakistan na kaskazini magharibi mwa India, huweka akiba ya mafuta kwenye mkia ili imvushe miezi ya baridi na uhaba. Mwenye afya, mkia wake hulingana na shingo kwa unene au kuizidi. Ukibaki kama penseli, mifupa ya nyonga ikachomoza na ngozi ikajikunja ubavuni, jua akiba imekwisha na sasa mwili unakula misuli yake wenyewe.

Ni jamaa wa mbali wa mjusi kafiri anayetembea kwenye kuta zetu, ila huyu ana kope na hufumba macho, na vidole vyake haviwezi kushika kioo. Wazee wetu wengi wangemfukuza kwa ufagio. Siku hizi watoto wa familia zetu zilizoko Birmingham, Toronto au Muscat wanamnunua dukani, wanampa jina, na mzazi ndiye anayebaki na kazi ya kujua kwa nini hataki kula.

Karibu kila anayeuliza habari za mjusi aliyekonda huanza na "nimpe nini?" Swali hilo linakuja mwisho. Mjusi mwenye baridi hawezi kumeng'enya, mjusi aliyekauka hapaswi kushindiliwa chakula, na mjusi mwenye vimelea atakula akonde vilevile. Fuata mpangilio huu hata kama moyo unakusukuma ukimbilie funza na sirinji. Na kama uliyenaye ni kinyonga, tafuta mwongozo mwingine. Joto lake, maji yake na hewa yake ni mambo tofauti kabisa.

Hatua ya 1: Mpime, uandike

Jicho la anayemwona kila siku hudanganyika. Tafuta mizani ndogo ya dijitali inayosoma gramu moja au, bora zaidi, sehemu ya kumi ya gramu. Weka kibakuli cha plastiki juu yake, rudisha namba kwenye sifuri, kisha mtie mjusi ndani. Geko chui mzima mara nyingi huwa na kati ya gramu 45 na 80, madume wakiwazidi majike, na wapo wa ukoo mkubwa wanaopita 100. Kwa hiyo namba moja haikwambii mengi: gramu 48 ni uzito mzuri kwa jike mdogo na ni balaa kwa dume aliyekuwa na 75. Cha kutazama ni mwenendo wa namba hizo wiki hadi wiki.

Kwenye daftari andika tarehe, uzito, alichokula, kama amejisaidia, na joto la kizimba. Mgonjwa mpime mara mbili kwa wiki kabla hajala. Kumpima kila siku ni kumsumbua bure. Mpige na picha kutoka juu, mkia na nyonga vikionekana, kwa sababu daktari ataelewa haraka zaidi kwa picha mbili za miezi tofauti kuliko kwa maelezo yako ya nusu saa. Mkia uliowahi kukatika na kuota upya huwa mfupi na wa mviringo, hauaminiki kama kipimo. Kwa mjusi wa namna hiyo tazama uti wa mgongo, nyonga na mapaja.

Kuna hali ambazo huna ruhusa ya kuendelea na mwongozo huu nyumbani. Akiwa amepoteza asilimia 10 ya uzito wake ndani ya wiki chache, akitapika zaidi ya mara moja, akishindwa kuinua kichwa, akitetemeka vidole na misuli, akihema mdomo wazi, akitoa damu kwenye choo, au akiwa jike mwenye tumbo lililojaa ambaye anachimbachimba bila kutaga, mpeleke kwa daktari siku hiyohiyo. Majike hutunga mayai hata bila dume, kwa hiyo usiseme "huyu hana mwenzake".

Na si kila anayesusa ni mgonjwa. Wakati wa baridi wengi hupunguza kula, hata wale walio ndani ya nyumba zenye joto, na madume wazima husahau chakula msimu wa kupandana. Anayesusa kwa sababu ya msimu hubaki na mkia wake na uzito wake hushuka kidogo sana. Daftari ndilo litakalokutenganishia haya mawili.

Hatua ya 2: Rekebisha joto

Hapa ndipo matatizo mengi yanapomalizikia. Mjusi hatengenezi joto lake. Tumbo lake linafanya kazi kwa joto analolipata nje. Likipungua, chakula kinakaa tumboni, kinaoza, na mjusi ama anakitapika ama anaacha kula kabisa. Kususa kwake, kwa hali hiyo, ni akili.

Unachotaka ni upande mmoja wa kizimba wenye sakafu ya nyuzi 32 hadi 34 za Selsiasi, chini ya maficho ambayo mjusi anaweza kulaza tumbo, na upande wa pili uliopoa, nyuzi 22 hadi 25. Achague mwenyewe. Kizimba chenye joto moja kila mahali ni kibaya hata kama joto lenyewe ni zuri, maana hana pa kukimbilia.

Pima sakafu pale anapolala. Vile vipimajoto vya mshale vinavyobandikwa ukutani mwa kioo hupima hewa ya pembeni na vingi havisemi kweli. Nunua kipimajoto cha dijitali chenye waya na kitambuzi, au kile cha bunduki kinachotumiwa na mafundi. Kipimajoto cha paji la uso kilichobaki kabatini tangu enzi za Uviko hakifai: kimetengenezwa kwa ajili ya mwili wa binadamu na kitakupa namba za uongo.

Pedi ya joto iliyowekwa chini ya kizimba ifunike kama theluthi moja ya sakafu, na iunganishwe na themostati, kifaa kinachodhibiti joto lake. Bila themostati pedi inaweza kupanda hadi kumuunguza tumbo, na mjusi huyu hana haraka ya kuhama anapoungua. Mawe ya umeme ya kupashia joto yatupe. Taa ya halojeni juu ya upande wa joto mchana ni nzuri zaidi ya pedi peke yake, kwa kuwa inampa na saa za mchana na usiku, lakini taa za rangi nyekundu au buluu za kuwaka usiku kucha hazina kazi. Mzima hustahimili usiku uliopoa. Aliyekonda usimpunguzie sana. Pedi yake iwake usiku na mchana.

Mambo mawili ninayoyaona kwa watu wetu. La kwanza ni Ghuba: nje nyuzi 45, kila mtu anadhani mjusi wa jangwani ana raha, kumbe ndani kiyoyozi kimewekwa 21 tangu Mei na kizimba kiko moja kwa moja chini ya upepo wake. La pili ni Ulaya na Marekani ya Kaskazini, ambako hita ya nyumba huzimwa usiku kubana bili. Na wanaofuga Afrika Mashariki wana shida yao, umeme kukatika. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwa taulo, ikawekwa na mjusi ndani ya boksi la thamokoli (lile povu gumu jeupe), humvusha saa kadhaa. Muhimu ni kwamba siku ambayo huna uhakika wa umeme, usimlishe. Afadhali alale na njaa kuliko alale na nyenje wabichi tumboni.

Joto likishakaa sawa, mwache siku mbili tatu kabla ya kumpa chochote. Wengine huanza kula wenyewe hapo na hadithi inaishia hapo.

Hatua ya 3: Mrudishie maji

Dalili za kukauka: macho yametumbukia, ngozi ya ubavuni ukiibana kidogo inachelewa kurudi, mate yanavutika nyuzi, na ile sehemu nyeupe ya choo imekuwa ya njano na ngumu.

Chukua chombo cha plastiki chenye kifuniko kilichotobolewa matundu. Tia maji ya vuguvugu, nyuzi 28 hadi 30, yasipite viwiko vyake. Mweke humo dakika 10 hadi 15 huku umesimama hapohapo. Wengi hunywa, na wengi hujisaidia humo, jambo ambalo lenyewe ni habari njema. Mkaushe kwa kitambaa laini, mrudishe upande wa joto. Mara moja kwa siku yatosha kwa siku chache za mwanzo. Asiyeweza kuinua kichwa usimtie majini kabisa. Huyo mdondoshee tone moja moja pembeni mwa mdomo, alambe mwenyewe, na daktari anaweza kumwongezea maji kwa sindano chini ya ngozi.

Kizimbani kuwe na bakuli la maji safi la chini, na maficho ya tatu yenye unyevu: kikopo cha plastiki chenye tundu la kuingilia, ndani kuna tishu za jikoni zilizoloanishwa. Hayo humsaidia pia kujivua gamba.

Maziwa, uji mwepesi, asali, soda: hapana. Najua kwa mtu aliyedhoofu ndivyo tunavyofanya, lakini tumbo la mjusi anayekula wadudu halikuumbwa kwa ajili ya hayo.

Hatua ya 4: Mwondolee hofu

Kama anaishi na mwenzake, watenganishe leo. Geko chui wakiwekwa wawili, mmoja hukaa juu ya pedi na kula, mwingine hukaa pembeni na kukonda, na hutaona ugomvi wowote kwa sababu ugomvi ulishaisha wakati umelala. Kulaliana kwao, ambako watoto huona ni mapenzi, mara nyingi ni kugombea mahali penye joto.

Maficho yawe ya kubana, mgongo uguse dari. Funika pande tatu za kioo kwa karatasi. Asishikwe na wageni, asipigwe picha za mwanga mkali, paka asikae mbele ya kioo. Mchanga uondoe, utandike tishu za jikoni. Zinakuonyesha choo, na hazimezwi. Mjusi dhaifu aliyemeza mchanga huziba utumbo, tumbo likawa gumu na yeye akajikamua bila kutoa kitu. Ukihisi hivyo usimmiminie mafuta mdomoni, yataingia kwenye mapafu. Joto, maji ya vuguvugu, na daktari.

Hatua ya 5: Mkague mdomo, macho na vidole

Wakati mwingine anataka kula ila hawezi. Mtazame anapojaribu kukamata mdudu. Akilenga pembeni mara kwa mara, macho yana shida: gamba la zamani limeganda chini ya kope, au kope zimevimba kwa kukosa vitamini A. Loanisha kijiti cha pamba kwa maji ya vuguvugu, pitisha taratibu juu ya kope, rudia kesho. Kibano kisikaribie jicho. Gamba lisipotoka kwa unyevu, hiyo ni kazi ya daktari.

Akimkamata mdudu kisha akamwachia, au akitafuna kama anaumia, tatizo liko kinywani. Fizi nyekundu zenye uchafu mweupe unaofanana na jibini ni maambukizi yanayohitaji dawa. Taya linalobonyea kwa kidole, miguu iliyopinda na mwendo wa kujikokota ni dalili za mifupa kukosa kalsiamu. Kwa mjusi wa namna hii kumfungua mdomo kwa nguvu kunaweza kulivunja taya.

Hatua ya 6: Peleka choo maabara

Hii ndiyo hatua inayorukwa zaidi, na ndiyo inayookoa wengi. Chukua choo kipya, cha siku hiyo, kitie kwenye kichupa safi na ukiweke mahali pa baridi bila kukigandisha. Huhitaji bingwa wa mijusi ili kipimwe. Hata daktari wa mifugo ambaye kazi yake ni kuku na mbuzi ana hadubini, na mayai ya minyoo anayajua akiyaona. Kwa walioko nyumbani, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine (SUA) Morogoro na kampasi ya Kabete ya Chuo Kikuu cha Nairobi ni mahali pa kuulizia. Walioko ng'ambo wanaweza kutafuta jina la daktari kwenye orodha ya ARAV, chama cha madaktari wa reptilia na amfibia.

Matokeo yakisema kuna minyoo michache ya aina ya pini, usipige kelele. Kiasi kidogo ni cha kawaida na hakielezi mjusi aliyebaki mifupa. Minyoo mingi na koksidia (vimelea vidogo vya utumbo) hutibika. Dawa na kipimo chake vitoke kwa daktari, kwa sababu dozi ya mnyama wa gramu 40 haikisiwi kwa jicho, na dawa ya minyoo ya mbuzi ikikosewa kidogo tu inaua.

Kimelea kinachotisha kinaitwa Cryptosporidium varanii. Mwenye nacho mara nyingi huendelea kula kwa muda huku mkia ukiyeyuka, anatapika, na choo chake kina vipande vya wadudu visivyomeng'enywa. Kinahitaji kipimo cha PCR, yaani cha vinasaba, na jibu moja la "hakuna" halitoshi kwa kuwa hakitoki kwenye choo kila siku. Hakina tiba ya uhakika. Zipo dawa zinazopunguza makali, lakini mjusi huyo asichanganywe tena na wengine maisha yake yote, na vyombo vyake viwe vyake peke yake. Jiki ya kawaida haikiui kimelea hiki. Mvuke wa moto sana na dawa maalumu za amonia ndivyo vinavyotumika. Kama una mijusi kadhaa, mhudumie huyu mwisho kila siku, baada ya wote.

Na hapa ndipo suala la usafi. Mjusi mzima wa afya anaweza kubeba bakteria wa salmonela bila kuugua. Vyombo vyake visioshwe kwenye sinki la jikoni, mikono ioshwe kwa sabuni kila mara, na watoto walio chini ya miaka 5 wasimshike.

Hatua ya 7: Sasa chakula

Anza kidogo. Mwili uliokaa na njaa muda mrefu ukishindiliwa chakula ghafla, fosforasi na potasiamu kwenye damu huvurugika, na moyo unaweza kusimama. Wadudu wawili watatu wadogo siku ya kwanza, pumzika siku moja, tazama kama amewatuliza tumboni, kisha endelea. Mdudu asizidi nafasi iliyopo kati ya macho yake mawili. Kwa mgonjwa mimi ningechukua hata nusu ya hapo.

Mpe magharibi. Huyu ni mjusi wa machweo na alfajiri. Kumletea nyenje saa sita mchana taa zikiwa zinawaka halafu ukalalamika kwamba hataki si kumtendea haki.

Ni wadudu gani? Kwa mdhoofu napenda kuanza na walaini. Funza wa wale nzi weusi ambao wafugaji wa kuku huwaita BSF wana kalsiamu nyingi kwa asili yao. Viwavi wa hariri ni laini na wana maji mengi. Mende wa dubia wadogo ni chakula kizuri cha kila siku pale wanaporuhusiwa kuuzwa. Nyenje ni wazuri pia na mwendo wao humwamsha mjusi, ila usiwaache ndani usiku: nyenje wenye njaa humng'ata mjusi aliyelala dhaifu. Funza wa unga ni wagumu kidogo. Chagua waliotoka kujivua, wakiwa bado weupe. Ile habari kwamba funza wa unga hutoboa tumbo la mjusi wakatoka nje haina ukweli, lakini wengi mno kwa mara moja huleta kuziba.

Funza wa nta wanahitaji aya yao. Wana mafuta mengi na karibu kila geko anawapenda, kwa hiyo kila mtu atakwambia uwape. Wape, lakini kama mlango wa kuingilia tu: mmoja leo, mmoja keshokutwa. Akiwazoea atakataa kila kingine, na ini la mjusi aliyekuwa na njaa halipendi mafuriko ya mafuta. Njia nzuri zaidi ni kumpasua funza wa nta mmoja na kumpaka majimaji yake nyenje au funza wa BSF. Anakuja kwa harufu, anaondoka na chakula cha maana.

Akiendelea kususa, jaribu haya kwa siku tofauti, si yote usiku mmoja. Mshike mdudu kwa kibano chenye ncha butu, msogeze polepole ubavuni mwa kichwa cha mjusi, si mbele ya pua, kisha usimame. Mara nyingi ni kule kusimama ghafla kunakomfanya aruke. Mkate funza kichwa umguse mdomo kwa lile tone linalotoka, alambe. Badilisha rangi na mwendo, aliyekula mende mwaka mzima huenda akaamshwa na panzi. Waache wadudu wachache kwenye bakuli lenye kuta laini karibu na maficho, zima taa, ondoka chumbani, na usirudi kuchungulia kila dakika tano. Wengine hula tu wasipotazamwa.

Wadudu wenyewe walishwe siku moja au mbili kabla: majani ya mchicha au sukuma, karoti, viazi vitamu, pumba. Mdudu mwenye njaa ni ganda tupu. Kabla ya kuwatoa, watikise ndani ya mfuko wenye unga wa kalsiamu, na mara moja au mbili kwa wiki unga wa vitamini wenye D3 na A. Fuata kipimo cha kopo, maana D3 ikizidi nayo ni sumu.

Wadudu wa kuokota nje mgonjwa asipewe. Panzi wa bustani na mende wa nyumbani huenda wamepita kwenye dawa ya kupulizia, na wa porini huleta vimelea vipya. Vimulimuli ni marufuku kwa mjusi yeyote, mgonjwa au mzima. Mmoja tu anatosha kumuua.

Hatua ya 8: Kumlisha kwa sirinji, ikibidi

Fikia hapa baada ya joto kuwa sawa, maji kurudi, na mjusi kuendelea kukataa huku uzito ukishuka. Umwambie daktari kwanza, akupe kiasi na siku.

Chakula kiwe unga maalumu wa wanyama wala nyama, kama Carnivore Care ya Oxbow au EmerAid ya wala nyama, ukakorogwa na maji ya vuguvugu hadi upite kwenye sirinji ya mililita 1 isiyo na sindano. Visipopatikana, minya nyama laini ya funza kadhaa na uchanganye na maji. Kwa siku chache itasaidia.

Mweke mjusi juu ya taulo, mwili ukiwa mlalo, kichwa kimeinuka kidogo. Usimpindue mgongo. Paka tone dogo kwenye ncha ya mdomo, subiri. Geko hupenda kulamba kilicho mdomoni, na kila akilamba unaongeza tone jingine. Ni kazi ya dakika kumi na tano pengine, na inachosha mgongo. Lakini inamwachia yeye uamuzi wa kumeza. Tundu la hewa la mjusi liko sakafuni mwa kinywa, nyuma tu ya ulimi. Ukifungua mdomo kwa nguvu na kusukuma sirinji, chakula kinaingia mapafuni, na nimonia itamwondoa kabla ya njaa. Kufungua mdomo ni kwa daktari au kwa mtu ambaye daktari amemfundisha akimwona.

Kwa geko wa gramu 50, nusu mililita kwa mlo mmoja ni kiasi cha kutosha cha kuanzia, na siku ya kwanza hata matone manne matano yanatosha. Akigeuza kichwa, akifumba macho au kuhema kwa nguvu, simama. Baadaye mfute mdomo, mrudishe kwenye joto, na usimshike mpaka kesho.

Wiki zinazofuata

Usitarajie mkia kujaa haraka. Kwanza uzito huacha kushuka, na hilo pekee ni ushindi. Kisha macho yanainuka, choo kinarudi umbo lake, kahawia na ncha nyeupe. Misuli ya mapaja hutangulia, mkia hufuata baada ya wiki nyingi, pengine miezi. Akila vizuri kwa wiki tatu au nne bila kuongeza hata gramu, rudi maabara na choo kipya. Hapo kuna kitu kinakula pamoja naye.

Akianza kumfukuza mdudu mwenyewe, punguza sirinji mlo mmoja mmoja, usiikate ghafla. Akirudia uzito wake wa zamani, mpeleke kwenye ratiba ya mtu mzima: wadudu watano hadi saba kila baada ya siku mbili au tatu, wa aina zinazobadilishwa, kalsiamu juu yao, funza wa nta mara moja moja tu. Mtoto anayekua yeye ale kila siku. Mizani sasa yatosha mara moja kwa mwezi, na themostati ijaribiwe kila msimu unapobadilika, kabla ya baridi au kabla ya kiyoyozi kuwashwa.